Mudimbe, Nyarigoti na Daftari la Sokoro

Daftari lenyewe lina jalada gumu la bluu iliyopauka, na kwenye kona yake kuna alama ya mviringo iliyoachwa na kikombe cha chai. Sokoro wangu, mzaa baba, aliliandika kwa wino na kwa Kiswahili, ingawa pale nyumbani kwetu Nyamira hakuwahi kumsemesha mtu kwa lugha nyingine ila Ekegusii. Kiswahili alikipata misheni ya Nyabururu akiwa kijana, na kwake yeye jambo zito lilistahili kuandikwa kwa lugha ya kitabu. Alipofariki mwaka 1981, wazee walikubaliana daftari lije kwangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikisomea ualimu.

Ukurasa wa kwanza unasema mapadre walifika Nyabururu mwaka 1911. Hapo ndipo kila kitu kinapoanzia. Baba yake mzazi hatajwi. Safari ya sisi Abagusii kutoka tambarare za Kano haimo, vita na Wakipsigis havimo, hata ng'ombe hawamo, ilhali mzee huyo aliyenilea alikuwa akiwataja ng'ombe waliokufa kwa majina yao kama mtu anayetaja ndugu. Wazazi wake wanaibuka ukurasa wa nne, pale anapoeleza siku ya ubatizo wake, nao wanaibuka kama watu ambao bado hawajaona mwanga.

Nilikaa na daftari hilo zaidi ya miaka kumi na halikunishtua. Historia niliyofundishwa shuleni nayo ilianzia hapo hapo, au jirani na hapo. Aliyekuja kunishtua ni mwandishi wa riwaya za Kifaransa, mzaliwa wa Katanga, na tangu anishtue sijakaa kwa utulivu mbele ya rafu ya vitabu.

Nilifundisha Kifaransa na Kiswahili kwa zaidi ya miaka thelathini, sehemu kubwa yake katika shule moja ya wasichana huku Nyamira, kati ya mashamba ya chai. Mzazi alikuja siku ya kufungua shule, viatu vimejaa udongo mwekundu, akaniuliza, "Mwalimu, hiki Kifaransa kitamfaa nini mtoto huku kwenye majani chai?" Nilimjibu kwamba magharibi yetu, ukivuka ziwa na kuipita Uganda, kuna nchi kubwa kuliko zetu zote ambamo vitabu vinaandikwa kwa lugha hiyo, na wanaoviandika ni jamaa zetu. Nilisema hivyo kabla sijasoma kitabu hata kimoja cha jamaa hao. Chuoni tulikuwa tumesomeshwa waandishi wa Ufaransa, na Waafrika wachache wa upande wa Senegali na Kameruni.

Likizo ya Agosti 1993 nilikwenda Nairobi, na kwenye maktaba ya Alliance Française nikatoa rafuni riwaya nyembamba iitwayo Entre les eaux. Maana ya jina hilo ni "kati ya maji na maji". Nilikuwa nimeifungua mezani aliponijia Mkongomani mmoja ambaye nilikuwa nikimwona pale. Mchana aliuza vitenge, jioni alifundisha watu Kifaransa.

"Mama, uko nasoma Mudimbe?"

"Naam, kaka. Unamjua?"

"Ule ni mutu ya kwetu, mama. Kaka yangu mukubwa alisoma kwake, kule chuo ya Lubumbashi."

Akavuta kiti. Hadi maktaba ilipofungwa alikuwa akinieleza, kwa Kiswahili chake kitamu cha kwao, habari za profesa aliyejua Kilatini na Kigiriki, aliyeandika kwa Kifaransa kigumu, naye akifundisha katika mji ambao kila mchuuzi sokoni huzungumza Kiswahili.

Valentin-Yves Mudimbe alizaliwa tarehe 8 Desemba 1941 mjini Jadotville, ambao leo ni Likasi, katika ukanda wa shaba wa Katanga. Migodi ilikusanya watu kutoka kila pembe ya Kongo na nje yake, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Mtoto huyu Kanisa lilimchukua mapema. Aliingia seminari ndogo, akalelewa kwa Kilatini na Kifaransa, kengele ya sala na kengele ya kazi. Kabla hajafika miaka ishirini alikuwa katika monasteri ya Wabenediktini ya Gihindamuyaga, Rwanda. Hiyo ndiyo miaka ya mapinduzi ya Rwanda yaliyoanza 1959, nyumba za Watutsi zikichomwa, watu wakiuawa na wengine wakikimbilia nchi jirani. Kijana yule aliyaona hayo akiwa amevaa kanzu ya kitawa. Aliondoka. Nidhamu ya monasteri, hata hivyo, aliibeba maishani mwake mwote: kitabu cha kumbukumbu zake alichokichapisha mwaka 1994, Les Corps glorieux des mots et des êtres, kimepewa jina dogo linalosema ni mchoro wa bustani ya Kiafrika kwa mtindo wa Kibenediktini.

Alisoma Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa, kisha akapata udaktari Louvain, Ubelgiji, mwaka 1970. Mwaka uliofuata serikali ya Mobutu iliunganisha vyuo vikuu vyote vya nchi kuwa kimoja, na masomo ya fasihi na lugha yakahamishiwa Lubumbashi. Mudimbe naye akahamia huko. Mwaka 1972 Mobutu akapiga marufuku majina ya Kikristo, na Valentin-Yves akawa Vumbi Yoka; herufi za mwanzo zilibaki zile zile, V.Y., na hizo ndizo anazojulikana kwazo. Vitabu vikafuatana kwa kasi: mashairi, insha, na riwaya tatu, yaani Entre les eaux mwaka 1973, Le Bel immonde 1976 na L'Écart 1979. Ya nne, Shaba deux, ilitoka 1989, nayo ni daftari la mtawa wa kike aliyenaswa katika vita vya Kolwezi vya 1978. Alisafiri mno, na aliposafiri aliandika. Ziara yake ya Marekani ya mwaka 1974 ilizaa kitabu, na miezi aliyokaa Berlin mwaka 1999 ikazaa kingine.

Karibu mwaka 1980 Mobutu alitaka kumpa kiti katika uongozi wa juu wa chama chake. Mudimbe alikikataa kiti, na kukikataa kulimaanisha kuikimbia nchi. Akafundisha Haverford, Pennsylvania, kisha Duke, Stanford, halafu Duke tena. Huko ndiko alikoandika, kwa Kiingereza sasa, kitabu kilichomfanya ajulikane duniani, The Invention of Africa, kilichotoka mwaka 1988 na kupata tuzo ya Herskovits mwaka 1989.

Narudi kwenye riwaya ile nyembamba. Mhusika wake, Pierre Landu, ni padre wa Kiafrika aliyesomea Roma. Anaiacha misheni anajiunga na waasi msituni, kwa kuwa anaona Kanisa limelala kitanda kimoja na wenye nguvu. Waasi hawamwamini. Barua aliyomwandikia askofu wake inakamatwa, anahukumiwa kufa, na kinachomwokoa ni shambulio la jeshi la serikali. Anaoa, ndoa inamshinda, mwishoni anajificha katika monasteri kwa jina jipya. Kila mlango anaoufungua ndani yake amekaa bwana mwingine.

Nililala chumba cha kukodi mtaa wa Ngara usiku ule na usingizi haukuja, kwa sababu nilikuwa nimemwona sokoro. Alikuwa katekista. Jumapili alisimama mbele ya watu akiwakataza kwenda kwa omoragori, mpiga ramli. Lakini baba yangu alipougua utotoni, homa ikamkaza siku ya tatu, sokoro alitoka akaenda kutazama mahindi shambani muda mrefu, ili mkewe apate nafasi ya kumbeba mtoto kumpeleka huko huko kwa omoragori. Magokoro, yaani nyanya yangu, ndiye mwenyewe aliyenisimulia, tena bila kumcheka mumewe. Alisema, "Aliniachia njia." Nilikuwa nikifikiri hiyo ni hadithi ya mapenzi ya ndoa, na bado naiona hivyo. Ila sasa niliona pia maji mawili na mtu katikati.

L'Écart niliipata baadaye, na hiyo ndiyo iliyonirudisha kwenye daftari. Ahmed Nara ni mwanafunzi wa historia anayeandika tasnifu kuhusu Wakuba wa Kasai. Anataka kuandika historia yao upya, aivue nguo zote ilizovalishwa na wataalamu wa Ulaya. Kila siku anaingia maktaba, kila siku anakuta kwamba hata maneno anayotaka kuwapingia ni yao. Anakufa kijana, na tunachokisoma ni madaftari aliyoyaacha. Mhakiki wa fasihi atakwambia riwaya hii ni ya mtu anayepoteza akili. Mimi naiona ni ya mwanafunzi mwema mno, aliyewasoma walimu wake kwa uaminifu hadi wakamkaba.

Miaka michache baadaye Mudimbe alilipa jambo hilo jina: maktaba ya kikoloni. Hakumaanisha jengo. Alimaanisha rundo zima la maandishi ya wamisionari, maofisa, wapelelezi na wanaanthropolojia, ambalo kwa pamoja lilitengeneza kitu kikaitwa Afrika, kisha Waafrika wenyewe wakasomeshwa humo wajijue. Alisema ukoloni ulifanya kazi tatu kwa mpigo: uliitwaa ardhi, ukazifinyanga upya akili za wenyeji, ukaziingiza chumi zao katika uchumi wa Magharibi. Niliposoma hapo nilichukua kalamu nikaandika pembeni majina ya kwetu. Ardhi: 1905, jeshi la Waingereza linaingia Gusii, 1907, kituo cha serikali. Akili: Nyabururu ya Wakatoliki, 1911, Nyanchwa ya Waadventista, mwaka uliofuata. Uchumi: kodi ya nyumba, halafu kahawa katikati ya miaka ya 1930, Kisii ikiwa miongoni mwa sehemu za kwanza nchini ambako Mwafrika aliruhusiwa kuipanda, na baadaye chai, hii tunayoingojea bonasi yake kila mwaka. Mtu wa Likasi alikuwa amechora ramani ya tarafa yangu.

Basi nikaanza kusoma rafu yetu wenyewe. Abagusii tumeandikwa mno. Philip Mayer, mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni, alikaa kwetu miaka ya 1940, akaandika juu ya koo zetu na mahari yetu. Robert na Barbara LeVine walifika mwaka 1955, na kitabu chao Nyansongo kikatoka 1966. William Ochieng', mwanahistoria wa Kenya, alitoa historia yetu ya kabla ya ukoloni mwaka 1974. LeVine alirudi na wenzake miaka hiyo ya 1970, na mwaka 1994 wakachapisha kitabu kikubwa juu ya malezi ya watoto wachanga Gusii. Humo nilisoma kwamba mama Mgusii hamtazami sana mwanawe machoni, wala hazungumzi naye sana akiwa mchanga, humbembeleza tu na kumtuliza. Niseme haki: waandishi wenyewe hawakumlaumu. Walieleza kwamba mama huyo lengo lake la kwanza ni mtoto aishi, na kwamba malezi yake yana hekima yake.

Hata hivyo nilikifunga kitabu, nikamkumbuka mama yangu akipalilia wimbi na mdogo wangu mgongoni, amefungwa leso iliyofifia. Mtoto akigeuza kichwa, mama aligeuza jembe. Akipiga chafya, mama aliitikia bila kuinua uso. Macho yao hayakukutana, kweli, mtafiti alihesabu vizuri. Mgongo ule ulikuwa ukizungumza asubuhi nzima.

Neno jingine ni chinsoni. Vitabuni limeelezwa kwa kurasa nyingi kuwa ni kanuni za kuepukana na kuoneana haya kati ya kizazi na kizazi: baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, baba na mwana hawaogi pamoja, matusi hayatamkwi mbele ya wazee. Yote ni sahihi. Ila magokoro hakunifundisha chinsoni kwa kunipa orodha ya makatazo. Baba yangu alipojenga nyumba yake, sokoro alikuja kila jioni akakaa nje, juu ya jiwe, akaletewa chai kwenye jiwe. Mvua ya Nyamira, nayo hunyesha karibu kila alasiri, ikianza, mama alikimbia kumfunika kwa gunia, na yeye akaendelea kunywa. Duara lile kwenye jalada la daftari ni la kikombe cha kwenye jiwe. Ukiliita jambo hilo "kuepukana" umesema kweli nusu, kwa maana mzee alikuja kila siku.

Hapo ndipo nilipomwelewa Mudimbe, na hapo pia ndipo nilipoanza kubishana naye.

Mwaka 1908, mwezi Januari, kijana aitwaye Otenyo Nyamaterere alimchoma mkuki Geoffry Northcote, ofisa wa serikali wa Kisii. Jina hilo lilikuwa gumu kinywani mwa wazee wetu, wakamwita Nyarigoti. Nyarigoti alipona. Jeshi la King's African Rifles lilitumwa kulipiza, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakaswagwa, watu wakauawa kiasi kwamba Winston Churchill, aliyekuwa naibu waziri wa makoloni, alituma simu kutoka London kuhoji sababu ya mauaji makubwa namna hiyo. Otenyo aliuawa. Northcote alipanda vyeo hadi akawa gavana wa Hong Kong kuanzia 1937 hadi 1941.

Katika majalada ya serikali kisa hiki huanza na ofisa kujeruhiwa. Ukikaa na wazee wetu wa Kitutu, huanza na mwanamke: Moraa wa Ng'iti, mganga na mwonaji, aliyewauliza vijana watakaa hadi lini wakitazama mifugo ikichukuliwa. Wanasimulia kwamba kichwa cha Otenyo kilikatwa kikapelekwa Uingereza, na bado wanakidai. Kinachonigusa mimi ni lile jina. Ekegusii kilimchukua gavana mtarajiwa wa Hong Kong, kikamtafuna, kikamtoa akiwa Nyarigoti, jina ambalo ungeweza kulikuta kwa jirani yako. Maktaba ya kikoloni iliwameza wengi, nakubali. Kinywa cha mzee kilijua kumeza pia, na hilo Mudimbe, kwa maoni yangu, hakulipa nafasi ya kutosha. Alilelewa na vitabu tangu utotoni, akaona utumwa wa vitabu kwa jicho kali kuliko mtu yeyote, lakini akauona kutoka ndani ya kitabu.

Ushahidi ulikuwa katika mji ule ule alimofundisha. Mwaka 1965, mjini Elisabethville, ambao mwaka uliofuata uliitwa Lubumbashi, André Yav na wenzake katika chama cha waliokuwa watumishi wa majumbani mwa Wazungu walichapa kwa taipu historia ya mji wao, kwa Kiswahili cha Katanga. Ilikuwa historia ya utawala wa Wabelgiji kama ulivyoonekana kutoka jikoni. Johannes Fabian ndiye aliyekuja kuitafsiri na kuitolea kitabu mwaka 1990. Miaka ya 1970, Mudimbe akiwa chuoni, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alikuwa akichora katika eneo lile lile historia nzima ya Kongo, picha baada ya picha, na kuieleza kwa Kiswahili. Watu hawa hawakuomba ruhusa kwa rafu yoyote. Kiswahili chao si cha kamusi, kingepata alama chache mno kwangu darasani, na miaka mingi ningekichora kwa wino mwekundu bila huruma. Najutia wino huo.

Lakini siwezi kumpigia makofi Yav nikamtupa Mudimbe, maana bila Mudimbe nisingejua kulitazama daftari la sokoro. Nilirudi kwalo nikiwa na swali jipya: nini hakimo? Nikahesabu miaka. Kuna 1911, mapadre. Kuna 1913, anaelezea jengo la misheni na miti iliyopandwa. Halafu kuna 1916. Katikati hakuna kitu, wala ukurasa haukuchanwa. Aya moja inaisha na nyingine inaanza kana kwamba miaka ile haikupambazuka.

Septemba 1914 Wajerumani waliingia Kisii kutoka upande wa Tanganyika. Waingereza waliondoka mjini, vita vikapiganwa, na kwa siku chache hakukuwa na serikali. Watu wetu walivamia. Waliteka maduka na ofisi mjini, wakateka misheni zote mbili, Nyabururu na Nyanchwa. Walidhani wageni wamekwenda moja kwa moja. Waingereza waliporudi walitoza faini ya ng'ombe, tena kwa maelfu, na Nyabururu ikakaa kimya kwa muda. Mambo haya yameandikwa na wanahistoria, hayana siri. Lakini sokoro, ambaye wakati huo alikuwa mvulana wa miaka kumi na kitu aliyekaa kilima cha pili kutoka hapo, hakuandika neno.

Nilimwendea shangazi, binti yake wa mwisho, ambaye sasa amepita miaka themanini na mitano. Nilimkuta amekaa nje anachambua chinsaga, majani mazuri upande huu, mabua upande ule.

"Shangazi, sokoro aliwahi kukueleza habari za mwaka Wajerumani walipokuja?"

Alichambua vitita viwili kabla ya kujibu.

"Alichukua blanketi."

"Nani?"

"Baba. Wote walikwenda, naye akakimbia nao. Wakubwa walibeba milango na sufuria, yeye akapata blanketi. Walilala ndani yake watoto wanne. Kisha babake akatoa ng'ombe wa faini, ng'ombe jike mwenye mimba. Na miaka ikapita, naye akaenda kule kule kuomba kusomeshwa."

"Alilirudisha blanketi?"

"Lilikuwa limekwisha. Alirudisha nafsi yake."

Sikuweza kumjibu. Nilimsaidia kuchambua hadi sufuria ikajaa. Nilikuwa nimelisoma daftari lile kama kazi ya mtu aliyefinyangwa akili, kama kitabu cha Mudimbe kilivyonifundisha, na kwa kiasi fulani ndivyo lilivyo. Sasa niliona pia mvulana mwenye deni. Alianzia 1911 kwa sababu angeanzia nyuma angelazimika kumweleza baba yake na ng'ombe wake, na akimweleza huyo ng'ombe angelazimika kueleza blanketi.

Kifaransa hakifundishwi tena katika shule ile nilikostaafu. Wanafunzi walipungua, mwalimu mpya hakuletwa, na vitabu vikahamishiwa stoo pamoja na madawati mabovu. Nilikwenda kuviomba, nikaruhusiwa kuvichukua. Mchwa walikuwa wameingilia chini na kupanda. Ukishika kitabu jalada linakuja mkononi na ndani ni udongo. Niliokoa kumi na saba. Nakala yangu ya L'Écart, niliyoiacha pale ili wasichana wa Kidato cha Nne waione hata kama hawataielewa, ilikuwa imeliwa kutoka nyuma, ikabaki hadi karibu nusu. Nimeiweka hivyo hivyo.

Mudimbe alifariki Aprili 2025, Marekani, akiwa na miaka 83. Rafiki yangu muuza vitenge, ambaye siku hizi anaishi Eldoret, ndiye aliyenipigia simu. Alisema, "Mama, muzee ametuacha." Tukanyamaza kidogo simuni, kisha akanikumbusha ile meza ya maktaba, nami nikamkumbusha kwamba aliniazima nauli ya kurudi Nyamira.

Wiki hiyo nilichukua karatasi nene, nikaikata kwa kipimo cha daftari, nikaipaka gundi upande mmoja tu ili iweze kubandikwa mbele ya ukurasa wa kwanza bila kuuficha. Nilikwenda nayo kwa shangazi. Nilitaka iandikwe kwa maneno yake: jina la babake sokoro, jina la yule ng'ombe jike, blanketi, watoto wanne. Alikubali, kwa sharti kwamba nimsomee kila mstari.

Nikaandika kwa Kiswahili, kama alivyoandika sokoro. Nikasoma: "Mwaka 1914, watu walipoteremka mjini Kisii..."

"Mji gani?"

"Kisii, shangazi."

"Hilo jina ni la nani?"

Nikafuta. Nikaandika Bosongo, kama sote tunavyosema tukipanda matatu.

"Soma."

"Walipoteremka Bosongo."

"Bosongo ni kwa abasongo, kwa Wazungu," akasema. "Na siku hiyo Wazungu walikuwa wamekwenda. Kabla yao tulipaitaje?"

Nikasubiri.

"Getembe," akasema. "Andika Getembe."

Nikaandika Getembe.